Injini za pikapu kuukuu: maswali yenu na majibu

Nina Toyota Hilux ya 1994, injini ni ya dizeli, aina ya 2L. Nikipakia viazi inapanda kwa taabu na kutoa moshi mweusi. Fundi anataka niweke 3L au 5L. Nimsikilize? (Mkulima, Kapchorwa)

Msikilize, ila usianzie hapo. Badilisha kwanza filta ya hewa, kisha peleka nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zikapimwe. 2L haina turbo (feni ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na huko juu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo dizeli haipati hewa ya kuunguzia yote. Filta ikiziba, hali inazidi kuwa mbaya.

Moshi ukipungua na nguvu bado haitoshi, ndipo ufikirie injini. 2L ina ukubwa wa sisi (cc) 2446, 3L ina 2779 na 5L ina 2986. Ni za ukoo mmoja, hivyo kuzibadilishana si kazi ngumu. Kwa mzigo wako ningechukua 5L. Siku inapofungwa, weka taimingi belti (mkanda unaoendesha vali) mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima. Ikikatika njiani, vali hugongana na pistoni na gharama inakuwa ya injini nyingine.

Pikapu yangu ya Toyota yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE inachemsha nikipanda Kabale. Fundi alitoa thamostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto), bado inachemsha. Maji yanapungua na sioni yanapovujia. (Dereva, Mbarara)

Ndugu yangu, simamisha safari za mzigo leo. Maji yanayopungua bila kuvuja nje mara nyingi yanaingia ndani ya silinda, na hedi (kichwa cha injini) ya 1KZ-TE, ambayo ni ya alumini, inajulikana kwa kupata ufa ikichemshwa. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Dalili nyingine ni hosi ya juu kuwa ngumu muda mfupi tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto.

Mapovu yakionekana, hedi ishuke na ipimwe kwa presha. Usikubali kubandikiwa gasketi mpya juu ya hedi ambayo haijapimwa, maana utalipa mara mbili.

Na hii tabia ya kutoa thamostati inaniuma sana, kwa kuwa inaua injini za watu wanaozitegemea kula. Katika injini nyingi za Toyota za aina hii, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Rudisha thamostati mpya, safisha rejeta ndani na nje, na umwambie fundi akague feni: injini ikiwa moto isizunguke kilegevu. Jaza kulanti, si maji ya bomba yanayoleta kutu.

Moshi wa bluu maana yake nini? (Arua)

Inaunguza oili. Angalia ringi (pete za pistoni), sili za vali, na turbo kama ipo.

Kati ya injini za dizeli za Nissan TD27 na Isuzu 4JA1, ipi haina usumbufu? (Mfanyabiashara, Mbale)

Zote ni imara. TD27, sisi 2663, huendesha taimingi kwa gia, kwa hiyo huna belti ya kuogopa. 4JA1, sisi 2499, hupulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Hubana mafuta vizuri, ingawa ina kelele zaidi. Nunua ile ambayo fundi wako wa karibu ameshaifungua mara nyingi.

Nataka kwenda soko la vipuri la Kisekka kununua injini iliyotumika. Nikague nini? (Kampala)

Omba iwashwe ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha ugumu wa kuwaka. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, iache. Lipa fundi apime kompresheni (presha ya hewa inayobanwa) ya kila silinda. Katika injini kama 2L na 3L, tofauti kati yao isizidi psi 70 hivi. Muuzaji akikataa kipimo hicho, nenda duka la pili. Dai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu logibuku yako (hati ya umiliki wa gari) ina namba ya injini ya zamani na lazima ibadilishwe, la sivyo utasumbuka siku ya kuuza gari.