Usambara: chai iko wapi, na Wambugu ni akina nani?

*Nilipanda Lushoto kupiga picha za mashamba ya chai, nikakuta kabichi na karoti. Nilipotea?* (Msomaji, Dodoma)

Hukupotea, ulipitiliza. Lushoto mjini na viunga vyake ni nchi ya mboga na matunda. Ukitoka Mombo, ukifika Soni usiendelee kupanda. Shika njia ya Bumbuli, uulizie mashamba ya chai ya Herkulu na Mponde. Kiwanda cha Mponde kilifungwa 2013 kikakaa kimya miaka mingi, na hasara iliwaangukia wakulima wadogo, maana jani bichi halisubiri: likishachumwa linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo. Ukiona shamba limeota vichaka virefu, hiyo pia ni chai. Mchai ni mti kama miti mingine. Lile zulia la kijani unalolipenda kwenye picha ni kazi ya kupogoa na kuchuma.

*Nataka Amani na Lushoto kwa siku moja. Kwenye ramani ni pua na mdomo.* (Msomaji, Dar es Salaam)

Ramani haikuonyeshi Bonde la Lwengera, linalozigawa Usambara mbili: ya Mashariki, iliko Amani, na ya Magharibi, iliko Lushoto. Itabidi ushuke Muheza, upite Korogwe hadi Mombo, halafu upande tena kilomita 33 za kona. Chagua moja. Mimi ningeanza na Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo 1902, na ambako mashamba ya chai yanagusana na msitu kabisa.

*Nije na nguo gani?* (Msomaji, Zanzibar)

Sweta. Juni hadi Agosti, mbili. Masika usije na viatu vya kuonea fahari. Udongo mwekundu hauna heshima.

*Wapi nitawaona Wambugu wakiwa na mavazi na ngoma zao za asili?* (Msomaji, Nairobi)

Huenda umeshakaa naye kiti kimoja kwenye daladala usimjue. Wambugu ni wachache katikati ya Wasambaa, wanaishi sehemu kama Magamba na Rangwi, na wanavaa koti lilelile la mtumba tunalovaa sote. Kinachowatofautisha kiko mdomoni.

Chukua sentensi yetu "watoto wadogo wanalala". Bakiza wa-, wa- na wana-, kisha ng'oa toto, dogo na lala, upachike mizizi mingine kabisa, mingi ikiwa ya asili ya Kikushi, jamii ya lugha kama Kisomali. Hivyo ndivyo Kima'a, lugha ya Wambugu, kinavyofanya kazi: ngeli za Kibantu, maneno ya mbali. Na Mmbugu huyohuyo ana usemi wa pili, wenye sarufi ileile lakini maneno yanayokaribiana na Kipare, kwa kuwa walitokea milima ya Upare. Wanaisimu wamebishana miongo kadhaa jinsi lugha ya namna hii ilivyozaliwa.

Kwa hiyo hakuna onyesho la kulipia kiingilio. Wala usimtolee mtu simu ukamwambia "sema kidogo nirekodi". Niliwahi kufanya hivyo kwa mzee mmoja. Alinijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu, akaendelea na safari yake. Nilipokutana naye tena nikamwuliza habari za ng'ombe, kwani Wambugu ni wafugaji tangu zamani. Siku hiyo nilichelewa chakula cha mchana.

*Naruhusiwa kuchuma chai kidogo, kujaribu tu?* (Msomaji, Tanga)

Mwombe msimamizi kwanza, si mchumaji. Mchumaji analipwa kwa kilo, na kila dakika anayokufundisha inatoka mfukoni mwake. Ukikubaliwa: majani mawili na chipukizi, basi, jani gumu la chini liache lilipo. Ulichochuma kiingie kwenye kikapu chake, usikifunge kwenye kitambaa ukaenda nacho. Cha kupeleka nyumbani nunua dukani, pale Soni.