Maswali ya Wakimbiaji: Tunashuka Matema, Tukimbilie Wapi?

*Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha jogingi hapa Uyole, Mbeya, tunakutana kila Jumamosi alfajiri. Mwezi ujao tunashuka Matema, Kyela, wikiendi nzima, wengi wetu hatujawahi kufika kule Ziwa Nyasa. Tunataka njia zenye mandhari, sio kuzunguka gesti. Wapo wa kilomita tano na wapo vichaa wawili watatu wa ishirini na kuendelea. Tuelekeze tafadhali.*
Kikundi cha Uyole

Nzuri sana ndugu zangu, na hongereni kwa kuamka na lile baridi la Uyole.

Kwanza toeni kichwani ile picha ya kukimbia mchangani mwanzo mwisho. Kila anayesikia Matema anawaza hiyo, anajiona yuko pembeni ya maji na taiti mpya, af kilomita ya pili miguu inagoma anaanza kupiga picha. Mchanga mkavu unakula nguvu karibu mara moja na nusu ya barabara ngumu, maana mguu unazama na msukumo wote unaishia humo humo. Na hili ni Ziwa Nyasa sio bahari ya Dar, hakuna kupwa na kujaa kwamba usubiri maji yatoke upate uwanja mpana mgumu, unachopata ni ule mkanda mwembamba uliolowa pale mawimbi yanapoishia, basi. Mchanga uchukulieni kama mazoezi ya dakika ishirini, sio njia.

Sasa njia. Ya kwanza na ninayoipenda kuliko zote ni ya kwenda Lyulilo. Ukiwa Matema kijijini umeangalia ziwa, Milima ya Livingstone inakuwa mkono wako wa kushoto, inashuka mpaka majini yaani hamna hata sehemu ya kupumzikia jicho, na Lyulilo iko pale chini yake. Ni kama kilomita mbili hivi kufuata ufuo, kwenda na kurudi nne, wale wa kilomita tano wakizunguka zunguka kijijini kidogo wamemaliza. Kama mtakuwa huko Jumamosi ndo uhondo wenyewe, siku hiyo Lyulilo kuna soko la vyungu. Vinafinyangwa na akina mama wa kabila la Wakisi wa Ikombe, kijiji cha mbele zaidi, vinaletwa kwa mitumbwi na kutoka hapo vinaenda mpaka Mbeya mjini, kile chungu anachopikia mama yako maharage inawezekana sana kilianzia hapo. Ila siku ya soko punguzeni mwendo, mtu mwenye vyungu kichwani hawezi kukukwepa wewe, wewe ndo unamkwepa yeye.

Wenye miguu ya milimani wanaweza kuunganisha mbele ya Lyulilo kuelekea Ikombe. Hapo jogingi inaisha inaanza kazi, ni kanjia ka panda shuka ubavuni mwa mlima, mawe, mizizi, kushoto mlima kulia maji. Mandhari yake sijui niseme nini, maji yanaonekana mpaka mawe ya chini. Nendeni na mwenyeji, msiende baada ya mvua maana mawe yanateleza, na mtu akichoka warudi kwa mtumbwi, sio aibu. Bei ya mtumbwi pataneni kabla hamjapanda.

Njia ya pili ni ya wale vichaa. Barabara ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema ni lami, kilomita 39 na kitu, na ni tambarare kitu ambacho nyie watu wa Uyole hamkijui. Ushauri wangu msianzie Matema kwenda na kurudi. Chukueni gari asubuhi giza giza liwashushe njiani upande wa Ipinda, kilomita kumi na tano, ishirini, mnavyojiamini, halafu mkimbie KURUDI ziwani. Mnapita kwenye mashamba ya mpunga, huo huo mchele wa Kyela mnaougombania sokoni, mnapita kwenye kakao na migomba na miembe yenye kivuli cha maana, na ile milima iko mbele yenu muda wote inazidi kupanda. Ukianzia Matema unaipa mgongo, unarudi umechoka huoni kitu. Kimbieni upande wa kulia ili muwe mnaona gari linalokuja, bodaboda za kule hazina mchezo na zingine taa hazina.

Upande wa magharibi, kufuata ufuo kuelekea midomo ya mito, nitausema kwenye swali la mwisho mwisho huko, maana kuna mtu kauliza kuhusu mamba.

*Mimi niko Mbeya mjini, nakimbia Mlima Loleza naupanda bila shida. Rafiki yangu anasema nikishuka Kyela hewa nzito nitapaa kama ndege. Kweli?*
Kaka wa kata ya Ghana, Mbeya

Nusu kweli kaka. Mbeya mko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo ni kweli hewa ya kule ina oksijeni zaidi na mapafu yako yatashukuru. Shida ni joto, tena joto la unyevunyevu, jasho linatoka halikauki na jasho lisipokauka halikupoozi. Damu inapelekwa kwenye ngozi kutoa joto, miguu inabaki na kidogo, moyo unadunda kama unapanda Loleza wakati uko tambarare. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea, wewe ukienda wikiendi una siku mbili. Kwa hiyo siku ya kwanza sahau saa, sahau apu, kimbia kwa kupiga stori, ukishindwa kuongea punguza.

Kitu kimoja kitakusaidia: milima iko mashariki, jua linachelewa kufika ufukweni. Mwezi wa sita kunapambazuka karibu saa moja na jua lenyewe bado linahangaika nyuma ya milima, una muda mzuri wa mwanga bila kuungua. Ikifika saa tatu uwe umeshaoga. Beba maji, na kama unatoka jasho la chumvi (fulana inabaki na michoro myeupe) weka kwenye begi pakiti ya ORS, ile ya kuchanganya na maji kurudisha chumvi mwilini, inauzwa duka lolote la dawa.

*Shikamoo. Nina miaka 24, nakimbia peke yangu huku Mafinga na nimezoeleka. Nataka kwenda Matema na mdogo wangu. Naogopa macho ya watu, kijijini kukimbia na taiti si watanishangaa? Na usalama je?*
Dada wa Mafinga

Marahaba mwanangu. Watakushangaa ndio, hasa watoto, wengine watakimbia na wewe mpaka mwisho wa kijiji na wengi wao watakupita. Mavazi: taiti sawa ila vaa bukta pana au fulana ndefu juu yake, na kanga moja kwenye begi ya kujifunga ukisimama dukani au ukipita karibu na kanisa Jumapili. Hakuna sheria hapo, ni heshima tu, na heshima inakurudia.

Kingine salimia. Huku kwa Wanyakyusa kumpita mtu mzima kimya kimya ni dharau hata kama unahema. Ukijua kusema "Mwagonile" asubuhi utaona sura zinavyobadilika, bibi aliyekuwa anakukodolea macho anaanza kukuombea. Na hao uliowasalimia ndo usalama wako, maana wanajua umepita saa ngapi umeelekea wapi. Mwambie mwenye gesti njia unayoenda, usikimbie kabla hakujapambazuka wala baada ya jua kuzama, simu iwe na chaji. Kanjia ka Ikombe usiende wawili tu bila mwenyeji. Kwenye lami na kwenda Lyulilo sina wasiwasi na nyie.

*Kuna msimu mzuri?*
Msomaji, Njombe

Mwezi wa sita mpaka wa tisa. Kyela inapata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi hii, na mwezi wa tatu mpaka wa tano ni balaa, mito inajaa, vichochoro vyote tope. Kuanzia wa tano mpaka wa nane kuna upepo wa kusini unaleta mawimbi makubwa, kwa kukimbia ni raha maana unapooza, kwa mtumbwi sio raha. Kumi na kumi na moja ufuo unakuwa mpana zaidi kwa sababu ziwa limeshuka, ila joto, we acha. Ukiona wingu jeusi jeusi linapanda juu ya ziwa kama moshi sio mvua hiyo, ni wadudu wadogo wanaototolewa majini kwa mamilioni, upepo ukiwaleta ufukweni kimbia umefunga mdomo.

*Nasoma chuo Iringa. Nimeambiwa Matema kuna mamba na kichocho. Sasa watu wanakimbiaje na kuogaje? Au ni kutishana tu?*
Mwanafunzi, Iringa

Sio kutishana. Mamba wapo kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani upande wa magharibi wa Matema, na viboko pia. Ufukwe wenyewe wa kijijini watu wanaoga, wanafua, wanavua, kila siku. Kwa hiyo ukikimbia kuelekea magharibi kufuata maji utafika sehemu nyumba zinaisha, mitumbwi inaisha, yanaanza matete. Hapo ndo kona yako, geuza. Usijifanye unataka kuuona mto, ukitaka kuuona nenda na mvuvi kwa mtumbwi na umsikilize yeye. Ukikuta wavuvi uliza, "mzee naweza kuendelea huku?" Akitingisha kichwa hamna mjadala.

Kichocho kipo pia. Vimelea vinatoka kwenye konokono wa majini, wanaokaa zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache wala husikii kitu. Kukanyaga wimbi kwenye mchanga mtupu wakati unakimbia hatari yake ni ndogo, kukaa kwenye maji ya majani majani nusu saa unapooza magoti hatari yake ni kubwa. Ukitoka jifute kwa taulo kwa nguvu, usisubiri ukauke. Kama uliogelea, wiki sita mpaka nane baadaye pima, dawa yake ipo, praziquantel, na inafanya kazi. Na chandarua usiku, malaria kule haina likizo.

*Nasikia kukimbia peku mchangani kunaimarisha miguu. Nivue raba Matema?*
Msomaji, Makambako

Vua kwa dakika kumi za mwisho, kwenye mchanga uliolowa, umeshapasha mwili. Ukikimbia peku safari nzima kesho yake mashavu ya miguu hayashuki ngazi. Na ufuo umelalia upande wa maji, mguu mmoja unakuwa juu mwingine chini, kwa hiyo ulikoenda rudi huko huko umbali ule ule ili mizani irudi, la sivyo nyonga moja italalamika kwenye Coaster mpaka Tukuyu. Angalia na ndoano, wavuvi wanatengenezea nyavu zao pale pale.