Fungueni katoni zote: maneno yangu kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya dawa

Wadogo zangu, assalaam alaykum. Naandika nikiwa na hasira kidogo na mapenzi mengi, maana kila mwaka wanakuja intern wapya, wazuri mashaallah, famakolojia wameimeza yote, ukimuuliza metformini ya kisukari inafanyaje kazi anakueleza mpaka unachoka wewe kusikiliza, halafu mzigo unashuka mlangoni anahesabu katoni kwa kidole, moja mbili tatu, anasaini delivari noti kasimama hapo hapo juani na gari inaondoka. Bechi, ile namba ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja, hakutizama. Ekspaya, tarehe ya kuisha muda, katizama ya katoni ya juu tu. Nikimuuliza ananambia "dada, si imeshapita ZFDA?"

Haya basi, tuanze na hilo hilo.

1. "Imeshapita ZFDA" si jibu. ZFDA, Wakala wetu wa Chakula na Dawa Zanzibar, upo kwa Sheria Namba 2 ya 2006, ikafanyiwa marekebisho 2017, na kazi zake mnazijua, kusajili dawa, kukagua maduka na stoo, kutoa vibali vya kuingiza mzigo, kuchukua sampuli, kupokea taarifa za madhara. Wale mliosoma bara mnakuja na TMDA kichwani, wakala wa dawa wa kule, afya si jambo la Muungano, kwa hivo huku chombo chengine, sheria nyengine na kibali chengine, usimwambie mkaguzi "bara imesajiliwa" ukadhani mazungumzo yameisha. (Na ZAZIBONA, ule mpango wa nchi za kusini mwa Afrika wa kutathmini dawa pamoja, jina lake halikutoka kwetu jamani, limetoka kwa Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia walioanzisha, kila mwaka lazima atokee mmoja kuniambia Zanzibar imo kwenye jina. Sisi tumo kwenye mpango wa Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili, uliozinduliwa Arusha 2012.)

Sasa sikilizeni. Usajili unatizama faili: nani katengeneza, kiwanda kipi, imechanganywa na nini, inakaa muda gani kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ndo hali ya nchi za joto na unyevu kama hii yetu. Lakini bechi inazaliwa kila siku kiwandani, na bechi ya leo si ya jana. Hakuna nchi, hata ile tajiri kabisa, inayopima kila chupa. WHO walikadiria 2017 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati dawa 1 kati ya 10 ina kasoro au ni bandia. Kwa hivo serikali inafanya vitu viwili, inazuia mbaya isiingie, na ikishaingia inaifuata ilipo na kuitoa. Hii ya pili haiwezi kufanyika bila ya wewe na kalamu yako.

2. Bechi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipoanza kazi nilikuwa stoo moja ya jumla hapa Unguja. Siku hiyo ulishuka mzigo wa amoksilini ya watoto, ile ya unga wa kuchanganya na maji, masika yanapiga, wachukuzi wanataka wamalize waondoke, gari imeziba njia na dereva anapiga honi. Nikafungua katoni moja, ya juu, nikanakili bechi na ekspaya, nikaingiza mzigo wote kwenye leja kwa bechi ile moja. Katoni za chini sikuzifungua. Namba ilikuwepo hata nje ya katoni, imechapishwa, tofauti yake na ya juu ni tarakimu ya mwisho tu, ningeinama ningeiona. Mzigo ulikuwa na bechi mbili.

Siku zikapita, ikaja barua ya rikoli. Ile bechi nyengine imepimwa na dawa iliyomo ni chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, iondolewe sokoni. Mzee wetu wa stoo akanipa barua, tizama hii. Nikafungua leja, nikapitisha kidole, haipo. Nikaandika jibu kwa mkono wangu kwamba bechi hiyo hatujaipokea, nikasaini. Na nilifurahi, hilo ndo linaloniuma mpaka leo, nilifurahi moyoni kuwa sisi tumesalimika, nikenda kunywa chai.

Chupa zilikuwa kwenye rafu nyuma yangu. Nyengine zishatoka.

Aliyeniamsha ni bi mkubwa mmoja mwenye duka la dawa shamba, Mkoa wa Kaskazini, zamani alikuwa nesi msaidizi, hana vyeti vya kutundika ukutani. Lakini ana daftari la skuli, lile la mistari, na kila chupa inayoingia dukani kwake ananakili namba. Akapiga simu. "Mwanangu, ile barua nimeisoma, na namba iloandikwa ndo hii ninayo mimi hapa, na risiti ni yenu. Mbona mmesema hamna?"

Wallahi nilihisi baridi. Nikashuka stoo, nikapekua, nikazikuta. Tukaziweka karantini zilizobaki, halafu ikaja kazi ya kutafuta zilizotoka, na hapo ndo nikaona kosa lilivyozaa, maana kwenye vocha za kutolea pia hatukuandika bechi. Tumeandika "amoksilini sirapu" na idadi. Ikabidi tupige simu kila duka tuliloliuzia, Mwanakwerekwe, Darajani, Mkokotoni, Makunduchi, wengine wanasema namba imefutika, wengine wanakusomea ekspaya wakidhani ndo bechi. Na mzigo mwengine ulishavuka kwenda Pemba. Nikapanda boti mpaka Mkoani, kutoka hapo Chake, Wete, Konde, duka kwa duka, nageuza chupa moja moja.

Wete mwenye duka aliniambia kuna mama jirani yake alinunua, akamwita. Mwanawe alikuwa na kifua, kapewa dawa, homa ikashuka ikarudi, akanunua chupa ya pili, ya bechi ile ile. Baadae hospitali walimbadilishia dawa mtoto akapona, alhamdulillahi. Lakini yule mama hakunilaumu, alinambia "nilidhani mimi ndo sikumpa sawasawa, labda maji nilizidisha." Wiki nzima kajilaumu yeye, kosa langu mimi. Na huyo ni mmoja niliyemuona. Chupa zilizokwisha nyengine hakuna pahala zilipoandikwa, na antibayotiki ilopungua nguvu haiishii kutokumtibu mtoto, inawafundisha wadudu kuizoea.

Tuliandika barua nyengine kurekebisha ile ya mwanzo. Nimeandika barua nyingi tokea hapo, ngumu kama ile sijaiandika.

Basi: kila katoni ifunguliwe, kila bechi mstari wake kwenye leja, na inapotoka iandikwe tena kwenye vocha. Mvua au jua, honi au hakuna honi.

3. Msinambie hayo ni makaratasi. Mmoja wenu aliniambia hivo wiki iliyopita na nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na wateja, sasa nakujibu. Mwaka 1937 Marekani, kiwanda cha Massengill huko Tennessee kilitaka kutengeneza sulfanilamidi, dawa ya maambukizo, iwe ya maji, mkemia wao akaiyeyusha kwenye dayethilini glaikoli, akatia ladha, ikauzwa. Ni sumu ya figo. Walikufa watu zaidi ya 100, watoto wengi ndani yake. Na sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji apime usalama kabla ya kuuza! FDA, wakala wa dawa wa Marekani, walikamatia jina tu, kwamba kiwanda kimeiita "eliksiri" wakati eliksiri lazima iwe na alkoholi na hii haina. Ingekuwa imeitwa jina jengine wasingekuwa na pa kushika.

Sasa tizama waliyofanya. Karibu wakaguzi na wakemia wao wote, 239, waliachia kazi nyengine wakafuata chupa kwa risiti na vyeti vya madaktari, duka kwa duka, nyumba kwa nyumba. Daktari mmoja aliahirisha harusi yake ili amtafute mtoto wa miaka 3 ambaye familia yake imehamia milimani na dawa wameshaichukua. Zilitengenezwa galoni 240, walizipata zaidi ya 234. Waliokufa walikufa kwa zile kidogo zilizobaki, fikirini wangeziachia zote. Mwaka uliofuata, 1938, ikapitishwa sheria ya kutaka usalama uoneshwe kabla dawa haijauzwa. Ni zile risiti zilizowafikisha, wangekuta daftari lililoandikwa "sirapu, chupa kadhaa" kama letu wangeishia mlangoni.

Na msidhani ni mambo ya kale. 2022 Gambia, nchi ndogo, dawa zake zinatoka nje kama zetu, watoto karibu 70 walikufa kwa figo, na sirapu za kikohozi na mafua zilizokutwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli zilitoka India. Miaka 85 baada ya 1937, sumu ile ile. WHO walipotoa tahadhari Oktoba ile walitaja majina ya dawa, kiwanda na bechi. Tahadhari kama hiyo ikifika hapa asubuhi, mimi nataka mpaka adhuhuri tuwe tunajua kama tunayo na iko wapi.

4. Friji. Nyuzi 2 mpaka 8, kadi ya joto ijazwe asubuhi na jioni, na chakula chenu cha mchana kikae kwengine. Oksitosini muitizame kama jicho, ni sindano ya mama aliyejifungua anayevuja damu, ikikaa kwenye joto inapungua nguvu na kwa macho hakibadiliki kitu, chupa ni ile ile, maji ni yale yale, mkunga anachoma na damu haikati. Insulini na chanjo ya homa ya ini B msizibananishe na friza, zikiganda zimekwisha. Wengine mlikuwa wadogo umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari umekufa, mji mzima majenereta yanalia na mafuta ya kuyaendeshea ni kupigana vikumbo. Wakati ule mwenye kadi ya joto alijua kipi kimeharibika na kipi kimepona. Asiyekuwa nayo alibahatisha, na kubahatisha kwenye insulini ya mtu mimi siwezi kukubali, hata awe mgonjwa nisiyemjua.

5. Dawa za mabegi. Shangazi karudi Maskati, kaka katoka Dubai, kuna boti imetoka Mombasa usiku ikashushia bandari bubu, na mtu anakuletea dawa nzuri imefungwa vizuri, bei rahisi, "nisaidie kuiweka dukani". Hapana. Inawezekana ni nzima kabisa, lakini haina invoisi, haina kibali, hujui imelala wapi njiani, na ikija rikoli yake barua haitakufikia maana hakuna anayejua kuwa unayo. Mkataeni kwa adabu, ni shangazi yenu, mpeni chai, lakini mkataeni.

6. Madhara. Mgonjwa akirudi na vipele, akirudi kasema dawa haimfanyi kitu, jazeni fomu. Huna haja ya kuwa na uhakika, shaka inatosha! Nawaona mnasubiri muwe na ushahidi kama mko mahakamani. 1960 mwezi wa Disemba daktari mmoja wa Scotland, Leslie Florence, aliandika barua fupi kwenye jarida la madaktari la Uingereza akauliza tu, wagonjwa wake wanaotumia thalidomidi, dawa ya usingizi, wanapata ganzi mikononi na miguuni, jee ni dawa? Ile barua ikasomwa Marekani na Dokta Frances Kelsey wa FDA, mgeni kazini kama nyinyi, faili la thalidomidi lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kupewa, na kampuni ilikuwa inamsukuma apitishe haraka. Alishakuwa na wasiwasi na takwimu zao, barua ikampa swali jengine la kuuliza. Akazidi kuuliza. Kwa dawa ile, iliyomezwa na mama wajawazito, walizaliwa zaidi ya watoto 10,000 duniani wenye viungo visivyokamilika, na Marekani wakati ule haikuruhusiwa kuuzwa. Daktari wa kawaida tu aliyeona kitu kwa wagonjwa wake akakiandika. Fomu moja unayoijaza Micheweni inaweza kuwa ndo ya mwanzo kusema kitu ambacho mwengine kule Kenya anakiona pia na anadhani yuko peke yake.

7. Antibayotiki bila cheti cha daktari haitoki, nishawaambia, sirudii.

8. Rikoli ikija. Usianze na leja, anza na miguu: ingia stoo, tizama rafu, tizama chini ya meza, tizama kile kiboksi cha zilizorudishwa ambacho hakuna anayekigusa, tizama friji, ndo urudi kwenye leja mlinganishe. Zilizopatikana ziende karantini, zifungiwe, ziandikwe kwa herufi kubwa zisiuzwe, zisitupwe mpaka Wakala waseme. Halafu vocha zote za bechi ile, simu kwa kila duka, na duka likisema "hatuna" mwambieni akusomee namba kutoka kwenye chupa aliyoishika mkononi. Pemba msitegemee simu peke yake, pigieni ofisi ya huko na mmoja wenu apande boti. Jibu la barua nitaliandika na yule aliyeingia stoo, tutasaini wawili.

Jumatatu inashuka konteina. Daftari jipya nimeshanunua, liko juu ya meza ya kupokelea, na kisu cha kukatia katoni kimefungwa kamba pembeni yake ili kisipotee tena.