Glavu na koti pekee havitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kama glavu na koti vinatosha ukibaki jioni peke yako kwenye maabara ya kemia hapo chuoni. Havitoshi. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili-zebaki, kimiminika cha zebaki chenye sumu kali, juu ya glavu yake ya lateksi. Yalipenya. Alifariki Juni 1997, naye alikuwa mtaalamu hasa wa sumu za metali! Kwa hiyo usiulize tu "glavu zipo?", uliza zinazuia kemikali gani na kwa dakika ngapi.

Halafu mambo ya hapa kwetu Dar. Joto lisikufanye uvue koti wala uingie na ndala. Kabla ya kugusa asidi, fungua bomba. Likikohoa hewa tu, usianze kazi, maana jicho likirukiwa linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 angalau, na ndoo haitakufikisha huko. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si kinyume chake.

Umeme ukikatika, kabati la kuvuta moshi linasimama na mvuke unakurudia usoni. Funika chupa, shusha kioo cha kabati, zima hita kwenye swichi, toka. Hita iliyosahaulika huwaka yenyewe umeme ukirudi, na wewe umeshapanda daladala.

Jioni peke yako hapana, tafadhali. Mwombe mwenzako akae humo, hata kama anaandika ripoti yake tu.