Maswali ya Wasomaji: Waliopita Miami, Nani Mkali Zaidi NFL?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mi nasoma UDOM mwaka wa pili, rumu tuko wanne, mmoja ana binamu yake yuko Florida ndo katuambukiza huu mpira wa Kimarekani, ule wa kushika na mikono wanavaa makofia. Sa ubishi umeanza, kwamba chuo cha Miami katika wote waliopita pale wakaenda kulipwa NFL, ndo ligi kuu ya mpira huo, nani mkali kuliko wote. Mi nimeweka Ray Lewis. Mwenzangu kaweka Ben Roethlisberger, namba mbili Gino Torretta, anasema huyo aliwahi kuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Tumewekeana chipsi kuku pale Ng'ong'ona, anayeshindwa analipia rumu nzima. Tuamulie kaka. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie mwenzako aanze kutafuta hela mapema maana kuku wamepanda bei.

Roethlisberger kweli kasoma Miami, ila Miami nyingine kabisa! Yake ni Miami University, iko mji unaitwa Oxford jimbo la Ohio, huko hamna bahari wala minazi, na ni chuo cha 1809, wakati huo Florida yenyewe bado haijawa jimbo la Marekani, imekuja kuwa 1845. Nyie mnabishania University of Miami, ya Coral Gables, Florida, timu inaitwa Hurricanes. Ni kama umwagize mtu Chang'ombe ya hapa Dodoma akapanda basi mpaka Chang'ombe ya Dar. Jamaa kachukua Super Bowl (ndo fainali ya NFL) mbili na Pittsburgh, namheshimu, ila kwenye orodha hii aondoke tu.

Torretta ndo ananogesha hili swali. Mwaka 1992 alibeba tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, kwahiyo mwenzako hajadanganya. Ila mwaka uliofuata timu za NFL zilivyokaa kuchagua vijana, akasubiri mpaka raundi ya saba, na mechi alizokuja kucheza huko juu unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki. Swali lenu ni nani mkali NFL, sasa ya chuoni yanaingiaje? Samatta hatumpimi kwa mabao ya Mbagala, tunampima kwa aliyofanya Mazembe na Genk. Hata Vinny Testaverde, Heisman ya 1986 na chaguo la kwanza kabisa 1987, huyu angalau alidumu mpaka 2007 ana miaka 44, ila msimu wa 1988 pasi zake 35 zilinyakuliwa na wapinzani, thelathini na tano bana, mpaka unamuonea huruma.

Sasa mgeukie Frank Gore, ambaye naona hata we hujamtaja. Akiwa chuo magoti yote mawili yalikatika kano kwa nyakati tofauti, timu zikamuogopa, akachukuliwa raundi ya tatu 2005, wa 65. Mtu wa hivo unategemea acheze miaka mitatu arudi kwao. Kacheza misimu 16! Kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kupenya katikati ya watu wa kilo mia na arobaini, na akastaafu na yadi 16,000 kamili za kukimbia, waliomzidi kwenye historia yote ya NFL ni Emmitt Smith na Walter Payton basi. Mi namba tatu ni yake na sijadili.

Ubishi wa kweli ni juu, Ray Lewis na Ed Reed, wote walinzi, wote Baltimore Ravens. Lewis ndo kiongozi wa ukuta, anasimama katikati anapanga wenzake, misimu 17 timu moja, mchezaji bora wa fainali ya Januari 2001. Reed yeye ni beki wa mwisho nyuma kabisa, kanyakua pasi za watu mara 64, na yadi alizokimbia baada ya kunyakua, 1,590, hamna aliyewahi kuzifikia. Mwaka 2008 kanyakua ndani ya eneo lake mwenyewe akaukimbiza yadi 107, kama mita 98 hivi, yani we chukulia goli mpaka goli.

Nikupe kisa kidogo. Februari 2013 fainali ya Ravens na San Francisco, kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, mi niko chumbani Kikuyu na laptop na modemu, upepo wa Dodoma unagonga bati. Lewis na Reed upande huu, Gore upande ule, wote wa Miami. Reed akanyakua pasi. Kipindi cha pili kimeanza tu, giza! Nikajua bando limekata au umeme wetu umefanya mambo yake, naangalia juu taa yangu inawaka, kumbe umeme umekatika New Orleans, uwanjani, dakika 34 wanasubiri kama sisi. Nilicheka peke yangu. Gore alimaliza na yadi 110 na tachidauni, yani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ila Ravens wakashinda 34 kwa 31.

Na usiku ule ndo niliamua. Lewis unamuona, unajua kasimama wapi, unaweza kumkwepa. Reed kila kwotabeki, yule mrusha pasi wa timu, anaanza kwa kumtafuta yuko wapi na bado hampati. Namba moja yangu Ed Reed, mbili Ray Lewis, na najua nitapigiwa simu. Michael Irvin, Edgerrin James na Devin Hester wanafuata nyuma kwa mpangilio unaotaka wewe.

Kwahiyo kuku analipa mwenzako, ila we nunua soda kwa kumsahau Gore.

SWALI: Kaka, eti The Rock naye alicheza hapohapo Miami au ni stori za vijiweni? (Msomaji wa kike, Manyoni)

JIBU: Ni kweli dada yangu. Dwayne Johnson alikuwemo kwenye kikosi kilichobeba ubingwa wa taifa 1991, mlinzi wa mstari wa mbele. Baadae akaja kijana mmoja anaitwa Warren Sapp akamweka benchi. NFL hawakumchagua, akaenda kujaribu Canada, Calgary, nako wakamtema 1995, ndo akaingia kwenye mieleka. Sapp alikuja kuchukua Super Bowl na Tampa Bay.