Alama ya dodoso si jina la ugonjwa

Swali: Binti yangu wa miaka 22 alijaza dodoso la maswali 9 katika zahanati hapa Kisumu akapata alama 17. Nimeambiwa kuna mtu mjini mwenye mashine inayoonyesha ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) ya aina gani, ili apewe dawa inayolingana nayo. Je, nimpeleke? (Mama, Kondele)

Jibu: Usimpeleke, mama. Mashine hizo nazifahamu: mgonjwa hushikishwa kifimbo cha chuma kwa muda mfupi, kompyuta ikatoa kurasa za rangi zinazotaja ini, figo na ubongo, na mwishoni ikaja orodha ya virutubisho ambavyo mwenye mashine anaviuza papo hapo. Hakuna mashine, picha ya ubongo wala kipimo cha damu kinachotambulisha aina ya sonona. Damu hupimwa, kwa mfano kuangalia tezi ya thairoidi, ili kuondoa maradhi mengine yanayofanana nayo, basi.

Linalonikera zaidi, kwa kuwa nalisikia hata kwa wahudumu wa afya, ni dhana kwamba alama ya dodoso inataja aina. Alama 17 kati ya 27 inaeleza jinsi binti yako alivyolemewa katika wiki 2 zilizotangulia, na mzigo huo si mdogo. Hebu tazama swali la tatu, linalouliza kwa pamoja kuhusu kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, na la tano, linalochanganya vivyo hivyo kukosa hamu ya chakula na kula mno. Mgonjwa anayeamka alfajiri akiwa na hali mbaya kuliko jioni na asiyefurahishwa na lolote, na mwingine anayelala kutwa lakini akachangamka akitembelewa, wote wawili wanaweza kupata 17.

Kinachowatenganisha ni historia inayochukuliwa bila haraka, tena kwa kuwauliza jamaa. Dodoso hilo halimuulizi binti kama aliwahi kupitisha siku kadhaa akilala kidogo bila kuchoka, akizungumza mfululizo na kutumia fedha ovyo, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe huzikumbuka siku hizo kama siku zake njema. Wewe mama ndiye unayeweza kuzieleza. Zikiwepo, huenda ni ugonjwa wa baipola, yaani wa kuyumba kati ya sonona na msisimko uliopita kiasi, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha kwenye msisimko wa hatari. Kwa hiyo anayeuza dawa kwa kufuata karatasi ya mashine, jaribio la kwenye simu au alama tupu anacheza na maisha ya watu, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Mpeleke kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa, ufuatane naye, na mchukue lile dodoso. Kabla ya hapo, angalia alijibu nini katika swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru: ikiwa jibu si sufuri, mpeleke leo hii na usimwache peke yake.