MC-CDMA: mtumiaji mmoja safi, wakijaa makosa yanagoma kushuka

Mkuu, kwa ulivyoeleza uigaji wako wa MC-CDMA, yaani watumiaji wengi kwenye vibebaji vilevile vya masafa, kila mmoja na msimbo wake (QPSK yaani biti mbili kwa alama, FFT ya 64 yaani vibebaji 64, misimbo ya Walsh isiyoingiliana ya urefu 8, watumiaji wakiwa wanane makosa ya biti yamekwama hata ukiongeza nguvu), usihangaike na kelele. Watumiaji wanaingiliana wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi kosa liko kwenye uzito unaozidisha kila kibebaji kabla ya kukunjua msimbo.

Pima hivi: zima kelele kabisa, acha mwangwi wa chaneli. Ukiwa na MRC, yaani kuzidisha kwa H* (konjugeti ya H, ambayo ni namna chaneli inavyobadilisha kibebaji), makosa yatabaki, maana kila chipu (kipande kimoja cha msimbo) inatoka na uzito wake wa |H|² na misimbo haifutani tena. Kwa mtumiaji mmoja MRC ndiyo bora. Wakijaa ndiyo inaharibu. Ukigawanya kwa H makosa yanaisha, ila rudisha kelele uone: kibebaji chenye |H| ya 0.1 kinapandisha nguvu ya kelele mara 100, desibeli 20 nzima, na kukunjua kunaimwaga kwa wote wanane.

Tumia MMSE, uzito unaopunguza wastani wa kosa la mraba: G = H*/(|H|² + N/S). N ni nguvu ya kelele, S ni nguvu ya watumiaji wote kwenye kibebaji hicho, si ya mmoja. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukihamia 16-QAM (nukta 16 zenye ukubwa tofauti), gawanya matokeo kwa wastani wa G·H, la sivyo nukta zinasinyaa kuelekea katikati. QPSK haijali.

Halafu chipu usizipange jirani. Kwa MHz 20, vibebaji 8 vinavyofuatana ni MHz 2.5 tu, mwangwi wa nanosekunde 50 unaviangusha pamoja. Ziweke kwenye vibebaji namba 0, 8, 16 hadi 56. CP (nakala ya mwisho wa alama inayowekwa mwanzoni kukinga mwangwi) ya sampuli 16 inatosha.

Kama ni NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), ifft, yaani FFT ya kinyume, inagawanya kwa 64: zidisha kwa 8, au nguvu itashuka desibeli 18 na grafu yote itakudanganya. Walsh nayo igawanye kwa √8.

Haya yote ni ya mnara kwenda kwenye simu. Kurudi mnarani kila simu ina H yake, hivyo uzito mmoja kwa kibebaji hauwatengi. Inabidi uwatambue wote kwa pamoja, na hesabu inakuwa nzito. LTE (4G) upande huo inatandaza data kwa DFT, yaani mageuzi ya Fourier, lakini kila simu inapewa vibebaji vyake.